Intavyuu yenye piano mbili

Wenzetu wa zamu iliyopita walituandikia historia ya reli ya Kigoma, na tunakiri walitupiga bao. Sisi wa kikundi cha muziki tumepewa zamu ya leo. Tumechagua kitu ambacho wengi wenu mtasema hakina historia: mwanamuziki kumkalisha mwanamuziki mwenzake mbele ya maikrofoni na kumuuliza maneno. Siku hizi inaitwa podikasti, zamani ilikuwa redio tu. Tutasema kwa nini inatuhusu, lakini kwanza tutoe aibu yetu hadharani.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, tulikwenda wanne kwa mzee mmoja wa gitaa, pale nyuma ya kisima. Hatutamtaja jina maana familia haijatupa ruhusa, lakini waliokaa hapa miaka mingi wanamjua. Alipiga gitaa Uvira kabla sisi hatujazaliwa, akapiga tena hapa kambini kwenye kwaya mpaka vidole vikaanza kugoma. Tulituma habari kwa binti yake kwamba Jumamosi tunakuja kumfanyia papa intavyuu.

Bana, neno hilo ndilo lilituponza. Tulipofika mzee alikuwa amevaa koti, amevaa na viatu, ameshika ile mfuko ya plastiki ya makaratasi. Ndani kulikuwa na kadi ya chakula, picha ndogo za familia nzima, na karatasi ya kuandikishwa iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Alidhani ni mambo ya ofisi. Tukamwambia hapana papa, ni muziki tu. Akasema sawa, akaweka mfuko chini ya kiti, lakini koti hakuvua.

Na sisi tukamaliza kumharibu. Tulikuwa na daftari, tumeandika maswali 20. Jina lako kamili? Ulizaliwa lini? Kijiji gani? Ulianza muziki mwaka gani? Ulikuwa na bendi gani, kuanzia lini hadi lini? Mzee akajibu kama tunavyojibu wote tukiitwa ofisini: kwa ufupi, kwa tarehe, bila kuongeza neno. Nyinyi mnajua sababu. Mtu hapa akisema mwaka huu kitu kimoja na mwaka ujao kitu kingine, hata kama ni kusahau tu, faili yake inawekwa pembeni. Kwa hiyo mzee akatupa majibu ya faili. Amezaliwa 1 Januari 1951. (Nusu ya kambi imezaliwa 1 Januari, tunashangaa hatufanyi sherehe moja kubwa.) Dakika 25 zikaisha hivyo. Tukisikiliza leo ile rekodi tunasikia kuku, tunasikia mvua kwenye hema ya jirani, tunasikia mzee akisema "ndiyo" na "hapana".

Kilichotuokoa ni mmoja wetu aliyechoka kuandika. Aliona gitaa imetundikwa ukutani, akaomba, akaanza kuchezacheza. Yeye ni wa kinanda, gitaa anaibabaisha tu. Mzee akavumilia kidogo, halafu akasema: "Wewe mtoto, hicho kidole gumba kinafanya nini? Kinatembea kama mtu amepotea." Akavua koti, akachukua gitaa, akalegeza uzi mmoja, na maneno yakaanza kumwagika. Nani alimfundisha. Gitaa ya kwanza ilitengenezwa na nini. Wimbo gani ulipigwa usiku gani, nani alicheza, nani alipigana kwa sababu ya nani. Tulikuwa tumefungua midomo. Ila simu ilishaanza kulia chaji, na kwenye dakika ya 41 ikazima. Hiyo dakika ya mwisho mzee alikuwa ndiyo anasema: "Sasa ile ya tatu ninaityuni tofauti, angalieni."

Tuliangalia. Hakuna aliyeandika.

Tulimpigia voisi ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa Marekani, tukamsimulia tukicheka. Yeye hakucheka sana. Alisema kuna mama mmoja wa huko alifanya kazi kama hiyo zaidi ya miaka 30, tumsikilize kabla ya kurudi kwa mzee. Akatutumia vipindi vitatu. Kiingereza chetu mnakijua, tulisoma programu ya Kongo kwa Kifaransa, lakini kuna dada yetu anayetafsiri kwenye zahanati. Usiku tatu alikaa nasi, simu moja katikati, kusikiliza na kusimamisha, kusikiliza na kusimamisha. Hapa ndipo historia yenyewe inaanza.

Mama huyo ni Marian McPartland. Alizaliwa mwaka 1918 Slough, Uingereza, akasoma muziki kwenye chuo cha Guildhall, London, muziki wa kusoma nota. Mwaka 1938 aliacha chuo akafuata kundi la piano la Billy Mayerl, lililopiga kwenye majukwaa ya burudani. Wazazi hawakufurahi. Wazazi wa mwanamuziki hawafurahi popote duniani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akajiunga na wasanii waliokuwa wanatumwa kupigia askari muziki, na mwaka 1944, Ubelgiji, akakutana na Jimmy McPartland, Mmarekani wa kupiga koneti, ile tarumbeta fupi. Walioana Februari 1945 mjini Aachen, Ujerumani, vita haijaisha bado. Mwaka uliofuata wakaenda Marekani.

Hakuwa mkimbizi, tusimpe kadi yetu bure. Lakini alifika kama mgeni kwenye muziki ambao haukuwa wa kwao. Jazi ni muziki wa Wamarekani weusi, na yeye ni mzungu, Mwingereza, tena mwanamke kwenye kazi ya wanaume. Mkosoaji mmoja, Leonard Feather, ambaye naye alikuwa Mwingereza, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mambo hayo matatu yatamzuia. Alikuja kulirudia neno hilo miaka mingi kama kichekesho.

Kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa anapiga na kundi lake la watu watatu kwenye ukumbi wa Hickory House, mtaa wa 52, New York. Duke Ellington alikuwa anakuja pale. Siku moja alimwambia kwamba anapiga nota nyingi sana. Mama akachukua kama sifa, baadaye ndiyo akaelewa kwamba mzee alikuwa anamfunza kwa adabu. Hapo tulisimamisha simu tukacheka sana, maana ni mzee wetu kabisa yule, na kile kidole kinachotembea kama mtu amepotea. Mwanamuziki mkubwa hakuambii umekosea. Anakupa neno moja, unaondoka nalo, linakuja kukuchoma baada ya miaka.

Kuna picha maarufu ambayo Art Kane alipiga Harlem mwaka 1958, wanamuziki 57 wamesimama kwenye ngazi na barabarani. Wanawake ni watatu tu: Marian McPartland, Maxine Sullivan na Mary Lou Williams. Kwenye picha Marian amesimama na Mary Lou. Shikeni jina hilo la Mary Lou.

Redio ilimjia akiwa na miaka 60. Mtunzi wa nyimbo Alec Wilder alikuwa amefanya kipindi chake na redio ya umma ya jimbo la South Carolina, na ndiye aliyewaambia wamjaribu Marian. Walianza kurekodi 1978, na Aprili 1979 kipindi kikaanza kusikika nchi nzima kupitia NPR, redio ya umma ya kule. Jina lake ni "Piano Jazz". Mtindo ni mwepesi mpaka unaudhi: studio, piano mbili, mwenyeji kwenye moja, mgeni kwenye nyingine. Wanaongea, mgeni anapiga, wanaongea, wanapiga pamoja. Saa moja. Basi.

Lakini hizo piano mbili ndizo siri yote. Mtangazaji wa kawaida akimuuliza mpiga piano, "Mtindo wako ni upi?", atapata jibu la mdomo, na mdomo wa mwanamuziki mara nyingi ni mvivu. Marian aliuliza hivi: pale ulipofanya hivi (anapiga), ulikuwa unafikiri nini? Mgeni hana pa kujificha, na pia hana sababu ya kujificha. Anajibu kwa mikono kwanza, maneno yanafuata nyuma. Kwenye kipindi alichorekodi na Bill Evans Novemba 1978, Evans anaeleza kwamba lazima kwanza ajue mifupa ya wimbo, halafu ndipo anavalisha nyama, na anaonyesha hapo hapo kwenye piano, hatua kwa hatua. Dada yetu mtafsiri alifika hapo akaacha kutafsiri. Alisema hapa hakuna cha kutafsiri, sikilizeni.

Mgeni wake wa kwanza kabisa alikuwa nani? Mary Lou Williams, yule wa kwenye picha. Mary Lou alizaliwa 1910. Miaka ya 1930 alikuwa ndiye ubongo wa bendi ya Andy Kirk, Kansas City, anapiga na anapanga muziki, na miaka ya 1940 nyumba yake Harlem ilikuwa kama shule, vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell wanapita kujifunza. Alikaa kwenye piano ya pili ya Marian mwaka 1978. Alifariki Mei 1981.

Tuliandika tarehe hizo kwenye daftari na tukakaa kimya kidogo. Bill Evans alifariki Septemba 1980, hata miaka miwili haikutimia baada ya ile rekodi. Eubie Blake, mzee aliyekuwa anapiga piano tangu enzi za ragtime, naye alikaa na Marian, akafariki Februari 1983. (Eubie alikuwa anasema amezaliwa 1883 na dunia ikamshangilia amefikisha miaka 100. Karatasi zilizopatikana baadaye zinasema 1887. Ofisi ya kwetu ingemfungia faili.) Kipindi kingechelewa miaka mitano tu, sauti za watu hao watatu, wakieleza kwa vidole vyao wenyewe, zisingekuwemo.

Baadaye hakubaki na wapiga piano tu. Walikuja Dizzy Gillespie wa tarumbeta, Tony Bennett wa kuimba, Ray Charles. Mwaka 1983 kipindi kilipata tuzo ya Peabody. Vipindi vikapita 700. Aliacha mwaka 2011 akiwa na miaka 93, akafariki Agosti 2013 akiwa na 95. Na Jimmy yule wa koneti? Walishaachana kwa karatasi zamani, wakabaki marafiki, wakaoana tena mwaka 1991, wiki chache kabla ya kifo chake. Haihusu historia yetu lakini akina dada wa kikundi walisema ikikosekana hawasaini.

Tuje sasa podikasti. Neno lenyewe ni la juzi. Mwandishi wa gazeti Ben Hammersley ndiye alilitia kwenye makala ya Februari 2004, akichanganya jina la kile kimashine cha muziki, iPod, na neno la Kiingereza la kutangaza. Mwaka 2005 kampuni ya Apple ikaweka podikasti kwenye programu yake ya muziki, na tangu hapo mtu hahitaji tena kituo cha redio. Unarekodi, unapandisha, anayetaka anashusha na kusikiliza wakati wake. Kwa sisi tunaongojea bando la usiku hiyo ni habari kubwa kuliko kwa mtu mwenye umeme: unashusha saa nane za usiku, unasikiliza mchana bila mtandao, unamrushia jirani kwa bluetooth.

Wanamuziki wakaingia. Januari 2014, Hrishikesh Hirway, aliyekuwa anatoa muziki kwa jina la The One AM Radio, alianzisha "Song Exploder", tunaweza kusema Mpasua Wimbo. Anachukua wimbo mmoja wa mgeni, anaomba zile sauti zake zikiwa zimetenganishwa, ngoma peke yake, besi peke yake, mwimbaji peke yake, na mgeni anaeleza kila kipande kilizaliwaje. Mwishoni wimbo mzima unapigwa, na wewe msikilizaji unausikia kama nyumba ambayo umeona ikijengwa. Mwaka 2020 kikageuzwa na kuwa cha video kwenye Netflix. Halafu 2016 akaja Questlove, mpiga ngoma wa The Roots, na "Questlove Supreme", ambayo ni tofauti kabisa: watu wanakaa na kupiga stori ndefu kama wazee wetu chini ya mwembe, na mpiga ngoma huyo anakumbuka kila santuri aliyowahi kushika.

Kitu kimoja cha Hirway kilileta ubishi kati yetu. Yeye anauliza maswali, halafu wakati wa kuhariri anaondoa sauti yake. Unamsikia mgeni tu, kama anajisemea. Wawili wetu walisema hiyo ndiyo heshima: mwenye wimbo asemewe na nani? Wengine tulisema hapana. Kwa mtu wa Los Angeles sawa. Lakini mzee wetu amehojiwa miaka yote na watu ambao sauti yao haibaki kwenye karatasi, linabaki jibu lake tu, na jibu hilo ndilo linalotumika juu yake. Tukiondoa swali letu tutafanana nao. Bora msikilizaji asikie na ujinga wetu. Marian alikuwa anakubali kusikika hajui kitu, anaomba arudiwe, anakosea akijaribu kumfuata mgeni. Kura zilikuwa 5 kwa 2, njia ya Marian ikapita.

Msidhani jambo hili ni la Marekani peke yake. Kwetu Kongo, mwaka 1952, Hugh Tracey alipita Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akarekodi kijana wa gitaa anaitwa Jean Bosco Mwenda. Kwa sababu ya santuri hizo, gitaa ya Katanga yenye maneno ya Kiswahili ilisikika Afrika Mashariki nzima na hadi Ulaya. Tunamshukuru Tracey, rekodi zipo. Ila kurekodi wimbo ni jambo moja, na kumuuliza mwenye wimbo kidole hiki kwa nini kinakwenda pale ni jambo lingine. Hilo lilingoja mpiga gitaa. John Low, Mwingereza, mwenyewe mtu wa gitaa, alisafiri Shaba mwaka 1979 kuwatafuta wapiga gitaa wa miaka ya 1950 na kujifunza nyimbo zao, na kitabu cha safari hiyo kikatoka 1982. Angalieni mwaka: 1979, ule ule ambao "Piano Jazz" ilianza kusikika. Hawakupangana. Mwenda alifariki 1990 kwa ajali ya gari Zambia. Kwa hiyo na hapo muda ulikuwa mdogo kuliko ulivyoonekana.

Sisi tulikuwa tumepanga kurudi kwa mzee mwezi wa sita, na gitaa mbili. Ya pili ilikuwa ya kanisa, tulikuwa tunangoja wamalize sherehe. Mzee alifariki mwezi wa tano, malaria na uzee pamoja. Kwenye matanga binti yake alitupa gitaa tuishike kidogo. Tulikimbilia kuangalia nyuzi, tukafikiri labda ameiacha imetyuniwa ile ya tatu. Nyuzi zote sita zilikuwa zimelegezwa, kama anavyofanya mtu anayetunza gitaa.

Tunachokuwa nacho ni dakika 41. Dakika 25 za tarehe, na 16 za mzee mwenyewe. Yule wetu wa kinanda amejaribu kuitafuta ile tyuni kwa kubahatisha, jioni nyingi. Wimbo wa tatu tuliusikia mara moja tu, kila mmoja ameubakiza tofauti kichwani, na tukiimba pamoja tunagombana kwenye mstari wa pili. Mkewe anasema wote tumekosea, ila yeye haimbi, amekataa.

Jumamosi hii tunakwenda kwa mama wa likembe, upande wa soko, saa tisa alasiri. Tumemwambia tunakuja kucheza naye, hatukutaja neno intavyuu. Simu ni mbili, tumeshazisajili kwa mwenye sola zichajiwe tangu asubuhi. Memori kadi tumefuta sinema zote, samahani kwa waliotuazima. Mwenye likembe, hata iliyokatika mabati mawili, atuletee kabla ya Ijumaa, kwa sababu tunahitaji ya pili. Na atakayekuja na daftari la maswali tutalishika mlangoni, atalichukua akitoka.